Pasi Iliyosoma Sifuri

Tangu utotoni nina ugonjwa wa kuuliza maswali, na Ijumaa moja katika miaka ya tisini ugonjwa huo ulipewa vifaa. Nilikuwa nasomea umeme katika chuo kidogo cha ufundi huko Kambi Muru, Kibera, darasa la kuta za udongo na paa la mabati, wasichana wawili na waliobaki wote wanaume. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini mikono yake ilikuwa na subira. Alikuwa ametengeneza kibao cha mbao chenye mita mbili na soketi moja. Unachomeka kibao ukutani, unachomeka chombo chako kwenye kibao, kisha mishale miwili inainuka: mmoja unakuonyesha volti, mwingine ampea. Mwisho wa wiki mwanafunzi mmoja aliruhusiwa kwenda nacho nyumbani, na zamu yangu ilikuwa imefika.

"Pima vitu vitatu vya kutoa joto," aliniambia. "Volti gawa kwa ampea, unapata rezistansi. Volti mara ampea, unapata wati. Na ukiniletea hii kitu imeungua, tafuta chuo ingine."

Hiyo rezistansi, ambayo vitabu vya Kiswahili nilivyosoma baadaye huiita ukinzani, mimi niliiita ukaidi. Stima inataka kupita, waya unagoma. Kiasi cha kugoma kwake hupimwa kwa omu. Nilipenda sana wazo kwamba ukaidi unaweza kupimwa. Nilikuwa namjua mtu au wawili ambao ningetamani kuwapima.

Nilikifunga kibao kwa leso mgongoni, nikatembea nacho kutoka Kibera hadi Kawangware. Karibu na Dagoretti Corner mama aliyekuwa akichoma mahindi aliniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamjibu si mtoto, ni mita. Alinitazama kwa huruma, akarudi kwenye mahindi yake.

Wakati huo nilikuwa nakaa na dada yangu mkubwa katika ploti moja ya Kawangware 46, vyumba kumi vinavyotazamana na korido katikati. Dada ndiye aliyenitoa kwetu Western, magharibi mwa Kenya, na ndiye aliyenilipia chuo, kwa chapati. Alizipika alfajiri kwa ajili ya hoteli moja ya karibu na stendi, ambako wajenzi walikula kabla ya kwenda kazini. Mwenye hoteli alikuwa amemwambia wazi kwamba chapati zikichelewa, kuna akina mama wengine wanaojua kusukuma unga.

Alipikia koili. Kwa asiyejua, koili ni waya uliosokotwa kama mkia wa nguruwe, ukalazwa ndani ya mifereji ya kigae cha udongo, ukaunganishwa na stima hadi ukawa mwekundu. Waya uko wazi. Dada alipika akiwa amevaa patapata za mpira na ameshika kikaango kwa kitambaa, na mara mojamoja alipotupwa mkono na stima alisema tu, "Imenisalimia."

Ploti ilikuwa na desturi yake. Sote tulitumia waya mmoja uliopitia kwa mwenye ploti, mama mzee tuliyemwita Cucu, nyanya kwa Kikuyu, na sanduku la fyuzi lilikuwa chumbani mwake, ukutani juu ya kitanda. Fyuzi ikikatika, vyumba vyote kumi giza. Kwa hiyo kabla ya mtu kuchomeka kitu cha moto alisimama mlangoni na kupiga kelele, "Naweka!" Akisikia "Ngoja!", anangoja. Akisikia kimya, au "Weka!", anaweka. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Nadhani ilizaliwa gizani.

Aliyekuwa akisikika zaidi alikuwa dobi, jirani yetu wa mlango wa pili. Alifua na kupiga pasi nguo za watu wa ofisi, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba anatumia pasi ya stima. Hilo lilikuwa jambo la maana. Pasi ya makaa hudondosha cheche, hutema majivu, na karani mwenye mashati meupe mawili tu hawezi kucheza na cheche. Kila alfajiri, watu walipoanza kuamka, tulimsikia: "Naweka pasi!" Na miezi ile, asubuhi nyingi, mara tu baada ya kelele yake, puu, giza.

Cucu alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Ni pasi. Alikuwa ameisikia kwa masikio yake, kelele kisha giza, mtu anataka ushahidi gani tena? Koili ya dada haikushukiwa hata kidogo. Ilikuwa ikiwaka muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuamka na stima haikwenda popote. Isitoshe, chapati ya kwanza ya kila siku ilikwenda kwa Cucu ikiwa moto, na ni vigumu kushuku kitu kinachokulisha.

Jioni ile ya Ijumaa nilianza na balbu. Mshale wa volti ulipanda hadi mia moja tisini na tano, nikashangaa, maana darasani tuliambiwa stima ya Kenya ni mia mbili arobaini. Kumbe jioni, Kawangware yote ikiwasha taa, volti hushuka zikigawanywa. Mshale wa ampea haukufika hata robo. Nikagawa: karibu omu mia tisa. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea. Kitu kidogo namna ile, unaweza kukiponda kwa kidole, kikiwa na ukaidi wa omu mia tisa!

Nikachomeka koili. Mshale wa ampea uliruka hadi nikarudi nyuma. Ampea sita na nusu. Mia moja tisini na tano gawa kwa sita na nusu: thelathini. Omu thelathini tu. Koili nzito, nyekundu, inayopika chapati za wajenzi, ilikuwa na ukaidi mdogo kuliko kibalbu cha dirishani.

"Dada, koili yako ni mpole," nilimwambia.

"Mpole nini? Hiyo imekomaa," alisema, akikata vitunguu. "Koili mpya ni kazi bure. Inalala. Hii nimeifunga mara ngapi? Na kila nikiifunga, inapika haraka zaidi. Uliza mama yeyote hapa. Koili ikizoea kazi, inajua kazi."

Ni kweli, akina mama wote walisema hivyo. Koili ilipokatika, walisubiri ipoe, wakakata kipande kilichoungua, wakavuta ncha mbili zikutane, wakazipindana, wakaichomeka tena. Na ikawa kali zaidi. Waliisifu koili ya zamani namna watu wanavyomsifu mtumishi mzee. Mimi pia nilikuwa nimekua nikiamini hivyo bila kuuliza, jambo ambalo kwa mtu wa ugonjwa wangu ni aibu.

Alfajiri ya Jumamosi niliamka na dada ili nipime tena. Aliguna kwamba namjazia nafasi, lakini aliniachia kona. Volti zilikuwa mia mbili arobaini kamili, maana mji ulikuwa bado umelala. Ampea zilikuwa nane. Nikagawa nikiwa na miayo, na miayo ikakatika katikati. Thelathini tena! Volti zimepanda, ampea zimepanda, lakini nikizigawa napata ileile thelathini ya jana. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimeandika kanuni ile darasani mara nyingi, nikaifaulu hata kwenye mtihani, lakini hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona ikisimama mbele yangu na kukataa kutikisika.

Kisha nikazidisha, na hapo ndipo nilipoacha kutabasamu. Jioni, wati elfu moja mia mbili sitini na kitu. Alfajiri, wati elfu moja mia tisa ishirini. Kwenye kigae, dada alikuwa bado hajaifuta alama ya chaki ya muuzaji: wati elfu moja.

Nilikuwa bado naikodolea macho chaki hiyo watu walipoanza kuamka. Balbu moja, balbu nyingine, redio ya mtu. Dobi akatoka mlangoni: "Naweka pasi!" Dada akajibu "Weka!" bila kuinua kichwa. Haukupita muda, puu.

Gizani tulisikia kwanza mlango wa Cucu, kisha tochi yake, kisha sauti yake. Alisimama mbele ya mlango wa dobi kwa leso na sweta.

"Ngai! Leo tena? Sasa nimechoka na wewe. Mwezi ukiisha, unitolee hiyo pasi na unitolee wewe mwenyewe. Nyumba iko na watu wanangoja."

"Sawa, Cucu," dobi alisema.

Mkewe alikuwa ametoka Busia juzijuzi na mtoto mchanga, mvua za masika zilikuwa zimeanza, na mtu huyu anasema sawa. Hata kuomba hakuomba. Nilisimama na kibao mikononi nikijiuliza ni mtu wa aina gani anayefukuzwa nyumba na kusema sawa.

Cucu akaniita nibadilishe fyuzi, kwa kuwa nilikuwa nasomea. Nikapanda juu ya kitanda chake. Waya wa fyuzi aliutunza kwenye kiondo, umezungushiwa kikadi, na kikadi kimeandikwa ampea tano. Aliyemfungia stima alimwambia nunua ya tano, naye miaka yote alinunua ya tano. Nikaufunga huku nikiwaza: tano. Waya wa namna hiyo huvumilia hadi karibu mara mbili ya jina lake, lakini koili yetu peke yake ilikuwa imevuta nane.

Mchana nilikwenda kwa dobi kwa kuwa nilihitaji kitu cha tatu. Naapa sikuwa na nia nyingine. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, amemshika mtoto, mkewe akianika nguo.

"Jirani, niazime pasi yako nipime."

"Pasi imelala," alisema.

"Nitaiamsha."

Alicheka kidogo, akanitazama, akaitazama korido. Nilidhani anaogopa nitaiharibu, nikaanza kumwapia. Nilimsumbua. Mwishowe alimpa mkewe mtoto, akaingia, akanivutia pazia nyuma yangu, jambo lililonishangaza maana ilikuwa mchana. Pasi ilikuwa mezani, safi, inang'aa, kamba yake imezungushwa vizuri. Nikachomeka kibao ukutani, nikachomeka pasi.

Volti mia mbili ishirini. Ampea sifuri.

Nikagonga kioo cha mita kwa kucha. Sifuri. Nikachomoa, nikachomeka. Sifuri. Nimeunguza mita ya mwalimu! Nikakimbia nayo hadi kwetu, nikachomeka koili, mshale ukaruka kama kawaida. Nikarudi mbio kwa dobi. Sifuri.

Nilikuwa na kalkuleta ya shule. Mia mbili ishirini gawa kwa sifuri. Ikaniandikia herufi E na kukwama. Mwalimu alikuwa ametuambia huwezi kugawa kwa sifuri, nikaichukulia kuwa adabu tu ya hesabu, kama kutokuongea na chakula mdomoni. Sasa nilikuwa nimekishika kitu chenye sifuri hiyo. Ukaidi usio na mwisho. Stima ipo mlangoni, na ndani hakuna njia kabisa. Waya umekatika.

"Imesema nini?" dobi aliuliza.

"Sifuri."

"Basi andika sifuri."

"Lakini asubuhi uliweka pasi. Nilikusikia."

Akavuta sanduku chini ya kitanda kwa mguu. Ndani kulikuwa na pasi ya makaa, ile ya chuma yenye mdomo na matundu ya ubavuni, bado vuguvugu. Alinieleza kwa sauti ya chini. Pasi ya stima ilikufa kabla ya Krismasi. Alizunguka Gikomba yote akitafuta waya wa ndani wa aina ile, hakupata. Wateja walikuwa wake kwa sababu ya stima. Kwa hiyo akawa anawasha makaa, ambayo hakuna wa kuyashangaa kwa kuwa kila chumba kilikuwa na jiko, na anapiga pasi nyuma ya pazia. Na kila alfajiri anatoka mlangoni kupiga kelele ili watu wasikie.

"Sasa si umwambie Cucu!" nilisema. "Anakufukuzia kitu hata hujafanya!"

"Nyumba nitapata ingine," alisema. "Wateja nitatoa wapi? Karani wa pale mlango wa mwisho akijua shati zake ni za makaa, kesho ofisi yote inajua. Wewe ni msichana mzuri. Usiseme."

Nikasema sitasema. Nilitoka nikiwa nimemkasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kisha nikawakasirikia makarani wote duniani. Lakini chini ya hasira, nakiri, kulikuwa na lile swali likinikuna: ikiwa pasi imevuta sifuri, ni nani aliyekata fyuzi?

Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimekwepa tu kulijumlisha. Koili ampea nane. Vyumba kumi, kila kimoja na balbu ya kama robo ampea, wote wakiamka kwa wakati mmoja: mbili na nusu. Jumla kumi na nusu, zaidi ya mara mbili ya waya wa tano. Na watu waliamka saa ileile dobi alipotoka kupiga kelele. Hakuwa anakata stima. Alikuwa anatangaza asubuhi.

Jioni, dada alipokuwa akikanda unga wa kesho, nilimwambia kuhusu koili. Kuhusu pasi nilinyamaza. Nilimwonyesha ile chaki: wati elfu moja. Kwa volti mia mbili arobaini, hiyo ni ampea nne na kidogo, na ukigawa unapata karibu omu sitini. Ilizaliwa na sitini. Sasa ina thelathini. Nusu ya koili ilikuwa imeishia mikononi mwake, kipande kwa kipande, kila alipoifunga.

"Na hiyo ndiyo sielewi," nilisema, na kweli nilikuwa sielewi. "Waya umepungua nusu, moto umeongezeka maradufu. Ungedhani waya mwingi ndio moto mwingi."

Dada aliendelea kukanda. Kisha mikono ikapunguza mwendo.

"Pale kwa maji," alisema, "ukipata ule mpira mrefu unaofika hadi kwa barabara, mtungi unajaa saa ngapi? Ukipata ule mfupi, ni mara moja. Maji ni yaleyale." Akaitazama koili. "Mpira nimeukata mimi."

Nilitaka kumkumbatia kwa mfano huo. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Akaniuliza fyuzi ya Cucu ni ya ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza koili inavuta ngapi alfajiri. Nikamwambia. Hakuhitaji kalkuleta.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ni koili."

"Wewe wacha. Koili ilijikata?" Alifuta unga mikononi kwa nguvu. "Mayi, mama yangu! Si ungepima redio? Si ungepima kitu ingine? Nikiweka koili mpya, chapati zitafika hoteli saa ngapi? Na nikisema ni mimi, Cucu atanitoa mimi. Wewe chuo utasoma ukilala wapi?"

Nilitamani kwa muda mfupi kwamba ningerudi Ijumaa na kumwachia mtu mwingine zamu. Dada alilala akiwa amenipa mgongo, na asubuhi alivaa nguo za kanisani bila kunisemesha. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Tuliporudi, hata kitambaa cha kichwa hakuvua. Alikwenda moja kwa moja kwa Cucu, nami nyuma yake.

"Cucu, si pasi. Ni koili yangu."

Cucu alicheka. Alidhani dada anamwonea jirani huruma, kwa kuwa wote ni wa Western. "Mimi si mtoto. Nasikia 'naweka', stima inapotea. Kesho wewe uzime koili, yeye aweke pasi mbele yetu. Tuone."

Dobi alikuwa amesimama mlangoni mwake, amesikia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza kitu kibaya. Pasi ile ingechomekwa mbele ya ploti nzima na kubaki baridi kama jiwe.

"Hapana, Cucu," nilidakia. "Tufanye kinyume. Pasi isiwekwe kabisa. Yeye asimame hapa korido, mikono mitupu, tumwone. Koili iwake, na kila mtu awashe balbu yake. Stima ikipotea, si yeye."

Cucu alifikiri, akashangaa kwa Kikuyu, kai, akasema hiyo ni sawa. Nilijiona mwerevu sana. Nilikuwa nimepata njia ya kuokoa chumba cha dobi bila kuigusa siri yake, na mwalimu mwenyewe asingebuni jaribio safi zaidi. Dobi alinitazama kwa mbali, akainamisha kichwa kidogo, ishara ya shukrani.

Basi alfajiri ya Jumatatu ploti nzima ilikuwa koridoni kabla ya kwenda kazini, karani na tai yake, akina mama na mitungi, Cucu na tochi iliyozimwa. Dada alikuwa ndani amechuchumaa mbele ya koili, mlango wazi, chapati ikiwa kikaangoni kwa kuwa hoteli haikujua habari za majaribio. Hiyo ilikuwa asubuhi ya mwisho ya koili ile. Wiki hiyohiyo alinunua mpya, ndefu, yenye omu zake zote, na akaanza kuamka mapema kuliko jogoo wa Cucu ili chapati ziwahi. Kwa mwezi mzima nilikuwa namsikia akiitukana kwa Kiluhya kwa uvivu wake. Cucu hakumtoa. Alisema mpangaji anayejishtaki mwenyewe hapatikani tena kwa urahisi, na kwamba chapati ya kwanza ibaki palepale.

Lakini asubuhi ile hatukuwa tunajua hayo. Dobi alisimama katikati ya korido, viganja wazi mbele yake, kama mtu anayepekuliwa. Nikasema, "Washeni." Balbu zikawaka, chumba kimoja baada ya kingine, hadi mlango wa mwisho. Tukangoja. Mtoto wa mtu alianza kucheka, akanyamazishwa. Nilikuwa nikihesabu ampea kichwani, nikiogopa kwamba zitanisaliti, kwamba waya wa tano utavumilia leo tu, kwa ukorofi.

Puu.

"Mnaona!" nilipiga kelele gizani. "Si yeye! Si pasi!"

Wote walikuwa wametazama upande mmoja. Mlango wa dobi, ambao siku nyingine aliufunga mara baada ya kelele yake, ulikuwa wazi, pazia jepesi limening'inia, na nyuma ya pazia, katika giza lile, mstari wa matundu mekundu ulikuwa ukienda na kurudi, ukienda na kurudi. Mkewe alikuwa ndani akiibembeza pasi ya makaa ili isipoe. Mashati ya Jumatatu yalikuwa yanangoja, na sikuwa nimefikiria kwamba Jumatatu ni Jumatatu. Nilikuwa nimepanga giza, nikasahau kwamba makaa huonekana gizani.

Cucu hakuwasha tochi. Karani ndiye aliyesema kwanza, taratibu. "Hiyo ni nini?"

Ningependa kusema nilitoa uongo wa haraka. Dobi aliingia ndani. Akatoka ameishika pasi mkononi, na kwa mwanga wake mwekundu tuliona kidevu chake na vidole vyake.

"Ni makaa," alisema. "Ile ya stima ilikufa kabla ya Krismasi. Nyote nimewapigia na hii."

"Hata hii?" Karani alishika kola yake.

"Hata hiyo."

Karani akasogea hadi kwenye mwanga wa pasi. Akavuta mkono wa shati lake, akautazama mbele na nyuma, akaunusa. Tulikuwa tumesimama pale, sisi wote, tukisubiri mtu mmoja anuse shati. Alitafuta doa kwa muda mrefu. Kisha akauachia.

"Tangu Krismasi," alisema. "Na mimi nilikuwa naambia watu kazini hakuna dobi kama wangu." Akakohoa. "Lile shati la mistari liko tayari, ama niingie kazini na hili hadi kesho?"

Dobi alitikisa kichwa kusema ndiyo, akaendelea kutikisa, kisha akaketi kwenye ngazi, pasi bado mkononi, machozi yakimshuka wazi mbele ya wapangaji wote. Mkewe akatoka na mtoto mgongoni, akamwondolea pasi kabla haijamuunguza goti.